Sufuria Juu ya Antena

Nshobole alikuwa mpishi, na Ndosho nzima, mtaa wa mji wa Goma, ilimjua kwa sombe lake, mboga ya majani ya muhogo. Kila siku kabla ya jua kuchomoza aliwasha makaa, akasonga fufu, ule ugali wa muhogo, akachemsha maharagwe. Mafundi wa pikipiki na wachomeleaji walikuja kula kwake saa sita. Kufikia saa tisa sufuria zake nne zilikuwa tupu, naye alizisugua kwa mchanga mweusi mpaka zikang'aa.

Wanawake wengine wangepumzika hapo. Nshobole hakupumzika. Kwa wiki tatu sasa alikuwa na kazi moja zaidi. Jua lilipoanza kushuka upande wa mji wa Sake, alichukua sufuria yake kubwa kuliko zote, akaenda nyuma ya nyumba, akaifunika antena. Asubuhi aliifunua, kwa sababu sufuria ile ile ndiyo ya fufu.

Antena yenyewe haikuwa kubwa. Mwaka uliopita watu wa ofisi inayochunguza volkano walikuja Ndosho wakitafuta mwamba imara. Waliupata katika ua wa Nshobole na mumewe Munguakonkwa. Wakatoboa jiwe, wakasimamisha nguzo ya chuma inayofika kifuani, na juu yake wakaweka kitu cheupe, cha mviringo. Pembeni wakaweka paneli ya jua na sanduku lenye kufuli. Walisema kitu kile kinapima kama ardhi inavimba au inatulia, ili mlima ukitaka kulipuka watu wajue mapema.

Munguakonkwa alikubali bila kuuliza maswali. Mwaka 2021 mlima ulipolipuka, alikimbia kwenda Sake na mama yake mgongoni, kwa miguu, usiku na mchana. Mama hakurudi Goma. Alikufa njiani kwa uchovu, na mwanawe hajawahi kulizungumza jambo hilo hadi mwisho.

Taabu ilianza na simu ya Mama Baharanyi.

Mama Baharanyi alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Bomu lilianguka juu ya nyumba yake mwezi wa kwanza, vita vilipoingia mjini. Mumewe alipoteza mguu. Tangu siku hiyo mlango ukijigonga kwa upepo, Mama Baharanyi huinama. Mtu asimcheke kwa hilo.

Alikuja akiwa ameshika simu mbele yake.

"Mama Nshobole, ulisikia hii audio?"

"Bado. Inasema nini?"

Mama Baharanyi alibonyeza. Sauti ya mwanaume ilisema kwamba mataifa makubwa yamejaza silaha mbinguni. Zinazunguka juu ya vichwa vya watu. Zinatafuta pa kuangukia kwa kufuata antena nyeupe zilizotegwa katika nyumba za raia.

"Antene ya rangi gani iko kwako?" Mama Baharanyi aliuliza.

"Nyeupe."

"Basi."

Jioni mbili baadaye watu waliona taa angani. Zilikuwa nyingi, zimejipanga mstari mmoja, zikipita kimya juu ya paa za bati. Avenue nzima, nyumba zote za barabara yao, ilitoka nje. Nshobole alizihesabu mpaka ishirini na moja, kisha akaacha kuhesabu. Taa zile zilionekana jioni tu, kwa hiyo akajiambia kwamba zinapita jioni tu. Ndipo lilipomjia wazo la sufuria. Vile vya juu visiione antena, na antena isivione vya juu. Alijiona amepata dawa.

Lakini sufuria haikuwanyamazisha majirani. Kwenye bomba la maji wanawake walinyamaza alipofika. Mafundi wawili waliacha kula kwake. Na siku moja mtu aliandika kwa makaa kwenye mbao za ukuta wao neno moja: COMPLICE. Maana yake, mshirika wa adui. Katika Goma ya sasa neno hilo si la mchezo. Nshobole alilifuta kwa maji na mchanga.

Jumanne Muzee Sikuli, chifu wa avenue, alikuja mwenyewe. Alikataa kiti.

"Papa Munguakonkwa, siye hatuna palabre, hatuna ugomvi na weye," alisema. "Lakini ile kitu, bantu ya hapa hawalali sababu yake. Jumamosi tukimaliza salongo ya kufagia barabara, avenue yote itakutana hapa kwako. Afazali bakute ilishatoka. Kama haijatoka, vijana bataivunja, na miye sitaweza kubazuia."

"Muzee, iliwekwa kwa kutusaidia."

"Miye najua. Baambie bale benye banashika matofali ya kuivunja."

Hakusema zaidi, akaenda zake. Munguakonkwa alibaki ameshika kiuno.

Yeye alikuwa mchomeleaji. Jumatano jioni alirudi na mashine yake ya kukatia chuma. Aliipeleka nyuma ya nyumba, akaiweka chini karibu na nguzo. Nshobole alikuwa ndiyo kwanza ameweka sufuria juu.

"Toa sufuria yako," mumewe alisema. "Dakika mbili tu, inaisha."

"Mlima je?"

"Mlima utakuya siku yake. Hawa batakuya Jumamosi."

"Na mama yako?"

Munguakonkwa aligeuka ghafla. Nshobole alijua kwamba amegusa mahali pasipoguswa. Alimwogopa mumewe kwa kitambo kidogo, kisha akamhurumia. Uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa umechoka.

"Ngoja kesho," Nshobole alisema kwa upole. "Nitapigia simu bantu ya bureau ya volkano. Bakuye baitoe benyewe, kwa heshima. Tusiikate kama bezi ya usiku."

Mashine ililala pale pale kando ya nguzo. Nshobole hakupata usingizi wa maana. Kila gari lilipopita alidhani ni wao.

Alhamisi hakuhitaji kupiga simu. Saa tatu asubuhi mwanamke mwenye koti la mvua na buti alishuka kwenye pikipiki mlangoni. Alijitambulisha kuwa Lucie Bulonza, fundi wa ofisi ya volkano. Alikuwa na kompyuta ndogo kwapani, na alikuwa amenuna.

"Mama, jambo. Kuko mutu anatuchezea hapa Ndosho," alisema kabla ya kukaa.

"Anawachezea namna gani?"

Lucie alifungua kompyuta. Kulikuwa na mstari mrefu, na mstari huo ulikuwa na matundu.

"Angalia. Hii antene inasikiliza satelite. Inasikiliza usiku na mchana. Lakini tangu wiki tatu, kila mangaribi inakuwa kiziwi mpaka asubui. Nilizania kuko jeshi moja inavuruga mawimbi. Vita ya siku hizi inafanyaka vile, banaharibu sauti ya satelite ili adui apotee njia. Rapport nilishaiandika. Leo inaenda Kinshasa, na kutoka Kinshasa inaweza kwenda mbali, fasi kwenye bakubwa ya inchi banazungumuzaka ile maneno. Lakini mbele ya kutuma nikasema, acha nione na macho. Mama, saa kumi na mbili ya mangaribi kunatokeaka nini hapa?"

Nshobole aliiangalia kompyuta, akaangalia jiko. Sufuria kubwa ilikuwa motoni, inachemsha maji ya fufu.

"Saa kumi na mbili," alisema taratibu, "miye ninaifunikaka."

"Unafunika nini?"

"Antene."

"Na nini?"

Nshobole alionyesha kwa kidole. Lucie aliitazama sufuria kwa muda. Kisha alifunga kompyuta, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kucheka mpaka akafuta macho. Nshobole hakucheka. Alikuwa akilia. Fundi alipoona hivyo akanyamaza mara moja.

"Unisamehe, Mama. Niambie yote."

Nshobole akamwambia yote: audio, taa, neno la makaa ukutani, Jumamosi. Akamwonyesha mashine ya kukatia chuma iliyolala kando ya nguzo. Lucie alisikiliza bila kumkatiza.

"Radio yako inaambiaka stesheni ya RTNC kama weye uko unaisikia?" aliuliza mwishoni.

"Hapana. Inapokea tu."

"Hii nayo vile vile. Inapokea sauti ya satelite. Haiziite. Haisemi nazo kitu. Na zile satelite haziko za mangaribi tu. Ziko juu yetu saa hii. Mchana jua inatuzuia kuziona. Usiku ukikomaa zinaingia kwenye kivuli. Mangaribi kwetu kunaanza giza, na kule juu jua ingali inazipiga, njo maana tunaziona. Bile bitaa ulihesabu ni satelite za Internet, zilirushwa pamoja, bado zinafuatana."

Nshobole alitafakari. Kumbe wiki tatu zote alikuwa akiufunga mlango wa jioni, na wa mchana uko wazi. Aibu ilimjaa.

"Lakini ile sauti ya kwenye simu inadanganya yote?" aliuliza. "Kule juu hakuna silaha hata moja?"

Lucie alisogeza ndoo yake karibu.

"Yote hapana. Nikikuambia kule juu kuko usalama mutupu, nitakudanganya miye sasa. Sikiliza. Tangu mwaka 1967 kuko mkataba. Inchi zaidi ya mia moja ziliingia. Unasema hivi: hakuna mutu kuweka bomu ya nyuklia kule juu izunguke. Hakuna kuiweka kwenye mwezi. Na hakuna inchi moja kusema anga ya juu ni yake. Ni ya bantu bote."

"Ni vizuri."

"Ni vizuri, lakini haitoshi. Mkataba haukataze kila silaha. Na majeshi banatumia satelite sana, kuona, kuzungumuza, kuongoza makombora. Tena inchi ine zilishajaribu kupiga satelite zao zenyewe na kombora, kuonyesha kama banaweza. Satelite inavunjika bipande maelfu. Bile bipande habianguke palepale. Binazunguka miaka, mbio kupita risasi."

"Bile bipande binatuhusu siye namna gani?"

Lucie alitazama ua. Kulikuwa na nyumba tatu za mbao, ya Munguakonkwa na mbili za wapangaji, na watoto wao wakicheza miguu mitupu juu ya mwamba.

"Hii ua katikati ni ya nani?"

"Ya siye bote."

"Mupangaji mumoja akikasirika, avunje chupa kumi hapa katikati, nani atakatwa?"

"Batoto ya bote," Nshobole alijibu. Kisha akaongeza, "Ata wake mwenyewe."

"Njo ile. Kipande kimoja kikigonga satelite tunasikiliza, hii antene inakuwa kiziwi, na safari hii hakuna sufuria ya kutoa. Mlima utavimba, na hatutajua."

Nshobole alimfikiria mama mkwe wake juu ya mgongo wa Munguakonkwa.

"Na bakubwa banafanya nini?"

"Banabishana," Lucie alisema bila kuficha. "Miaka makumi ine na zaidi banabishana, kule Geneva na New York, ndani ya ONU, Umoja wa Mataifa. Bengine banasema tuandike mkataba mupya, silaha yote ya juu ikatazwe. Bengine banasema hapana, tuanze na kanuni ya tabia: usipige satelite, usivuruge ya mwenzako, ukisogeza yako sema mapema. Mwaka 2022 inchi mia moja makumi tano na tano zilipiga kura kusema majaribio ya kuvunja satelite na kombora yaishe. Tisa zilikataa. Ile kura haifunge mutu mikono, lakini inamwaibisha. Kazi inaendelea. Inaenda pole, na inanikasirisha, lakini inaendelea."

"Shida yao ni gani, hawasikilizane?"

"Woga. Kila mumoja anazania mwenzake anaficha kitu. Basi anaficha yake."

Wote wawili walitazama sufuria, na safari hii hata Nshobole alicheka.

Lucie hakutuma ripoti ile. Aliifuta mbele yake, akaandika nyingine yenye mistari mitatu. Kabla ya kuondoka alisema, "Jumamosi nitakuwa hapa. Lakini miye ni mutu wa bureau. Hawatanisikia vizuri. Weye batakusikia, banakula chakula yako."

Ijumaa ilikuwa siku mbaya. Nshobole alipika bila kuonja, na fufu ikatoka na madonge. Munguakonkwa alichomelea mlango wa mteja upande usiofaa. Mara tatu alirudi nyumbani bila sababu, akaangalia nguzo, akaondoka. Alikuwa amesikia maelezo yote kutoka kwa mkewe, na aliyaamini. Kuamini hakukumpunguzia hofu. Wenye matofali hawakuwa wamesikia kitu.

Jioni ilipofika, mkono wa Nshobole ulienda wenyewe kwenye sufuria. Aliirudisha chini. Akakaa mlangoni akiitazama antena, nyeupe, wazi, na kila mtu aliyepita njiani aliweza kuiona. Roho yake ilikuwa juu juu mpaka akaingia ndani.

Jumamosi, barabara zilipokwisha kufagiwa, avenue ilikuja. Walikuja na makoleo na mifagio ya salongo mikononi, na vijana wengine walikuja na nondo. Ua ulijaa. Muzee Sikuli alisimama mbele. Lucie alieleza yale yale aliyomweleza Nshobole, kwa sauti ya juu na bila karatasi. Wengine walisikiliza. Wengine walinong'ona.

Mama Baharanyi aliinua mkono.

"Mama technicien, nakuuliza moja tu. Bomu ya kwangu ilitoka wapi? Juu ama chini?"

Watu walimgeukia Lucie. Yeye alimtazama Mama Baharanyi.

"Ilitoka chini, Mama. Ilirushwa na bantu benye walikuwa hapa duniani. Huu mkataba ninauzungumuza haungeisimamisha."

"Basi unatusaidia nini?"

Kijana mmoja mwenye nondo alipiga hatua mbele. Munguakonkwa naye akasogea, akasimama kati yake na nguzo. Nshobole aliona mishipa ya shingo ya mumewe. Akaingia katikati ya ua.

"Miye nitasema," alisema. "Na mukicheka, mucheke."

Akawaambia habari ya sufuria. Aliwaambia kila kitu, mpaka jinsi fundi alivyodhani ni jeshi zima linalovuruga mawimbi, kumbe ni mama wa sombe. Watu walicheka. Hata kijana wa nondo alitazama chini akicheka. Nshobole aliwangoja wamalize.

"Sasa munisikie. Wiki tatu, kila usiku, mlima ungevimba, hakuna mutu angejua. Siye bote tungekuwa tumelala. Miye njo nilifunika macho yetu, kwa mukono wangu, sababu niliogopa. Hakuna adui alikuya kufanya ile. Mama Baharanyi, bomu yako siwezi kuirudisha. Hii antene nayo haiwezi. Lakini mama ya huyu papa alikufa kwenye njia ya Sake sababu hakuna mutu alituambia mapema. Mukiivunja leo, mutakuwa mumefanya kazi ya bale bakubwa banabishana kule. Bao banapiga macho ya dunia na kombora. Siye na nondo."

Muzee Sikuli aliikagua antena kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akaigonga kidogo kwa kucha.

"Inasikiliza mlima tu?" alimuuliza Lucie.

"Inasikiliza satelite, na satelite zinatuambia kama udongo wa hapa umesogea. Ata milimita."

"Basi ikae," alisema Muzee Sikuli. "Vijana, rudisheni bile byuma."

Si wote waliridhika. Wawili watatu waliondoka wakinung'unika, na hao hawajarudi kula kwa Nshobole hadi leo. Lakini nondo ziliondoka pia. Wiki iliyofuata Munguakonkwa alitengeneza uzio mfupi wa chuma kuizunguka nguzo, chini ya kile kitu cheupe ili usikizibe, kama Lucie alivyomwelekeza. Wapangaji walipanga zamu ya kufuta vumbi kwenye paneli. Mwisho wa mwezi Lucie alileta mstari mwingine kwenye kompyuta. Ulikuwa mrefu, mchana na usiku, bila tundu hata moja. Munguakonkwa aliutazama sana, kisha akauliza kama anaweza kupewa nakala yake kwenye karatasi.

Lucie alikuwa amewaambia jambo jingine pia. Huko ONU wanakaa wajumbe wa nchi, na nchi ni watu. Raia anaweza kuiandikia serikali yake na kuiomba isimame upande gani. Shirika lao la parokia, majirani wanaosali pamoja, liliamua kuiandikia serikali barua. Nshobole, ambaye aliishia darasa la sita, ndiye aliyechaguliwa kushika kalamu, kwa sababu wengine walisema yeye ndiye aliyeleta maneno. Aliandika polepole kwenye daftari, juu ya meza ya kulia chakula, majina ya watu wakisubiri kuorodheshwa chini.

Mama Baharanyi hakuwa kwenye orodha. Tangu Jumamosi ile hakupita kwao. Sasa aliingia, akavuta kiti, akakaa mbele ya daftari.

"Mumeandika nini?"

Nshobole alimsomea: tunaomba nchi yetu iunge mkono sheria ya kuzuia silaha katika anga za juu, tunaomba pasiwe na nchi ya kuvunja satelite.

"Ni maneno ya mafundi," Mama Baharanyi alisema. "Ongeza yangu. Andika kama ninavyosema, usinisahihishe."

"Sema."

"Siye ya Ndosho, bomu ya chini tunaijua. Ilipofika kwangu, banasema mikataba ilikuwako pia. Basi hii ya juu musingojee ianguke kwanza."

Nshobole aliandika neno kwa neno. Kisha akamgeuzia daftari, akampa kalamu, naye Mama Baharanyi akaandika jina lake.